0 na Nafasi Tupu: Tusiache Wito wa Asubuhi



Kumekuwa na maneno mengi hapa misioni juu ya foni. Wengine wanasema ile mashini imezeeka, batri zake zinakula pesa, na wito wa asubuhi unapotezea watu saa bure. Wanapenda wito uachwe. Kila kituo kiingie katika grupu la WhatsApp, kila mwenye habari aitume wakati atakapoipata, na asiye na habari akae kimya. Tumesikia kwamba kamati itakata neno hilo mbele ya mwisho wa muhula huu.

Sisi tunaoandika hapa ni wanafunzi wa zamu ya daftari la foni. Katika kamati hatuna kiti. Tuna ukurasa huu wa gazeti letu, na Bwana Prefe ameturuhusu kuutumia, ila alituomba tusiandike kwa hasira. Tutajaribu.

Kwa ajili ya ndugu zetu wa darasa la saba na la nane ambao hawajaingia bado katika nyumba ya foni, tueleze kwanza namna kazi inavyokwenda. Kila juma wanafunzi wawili wa darasa la tatu au la nne la humanité wanafika pale saa moja kasoro robo ya asubuhi, mbele ya kengele ya masomo. Mmoja anaangalia maji ya batri na kufunga nyaya, mwingine anashika daftari. Saa moja kamili Baba Fonisti anafungua mashini, anangoja kidogo, kisha anaanza kuita vituo 14, moja baada ya kingine: vya ufukoni, vya upande wa Ubwari, na vya mlimani juu kuelekea Fizi. Vingine ni shule, vingine parokia, vingi ni vituo vya afya.

"Kituo saba, kituo saba, unanipata? À vous."

"Nakupata muzuri, Baba. Hapa tuko bazima. Hakuna neno. À vous."

"Asante, saba. Kituo nane, kituo nane..."

Ni hivyo tu. Kituo kisichoitwa hakisemi. Kinasikiliza. Mtu wa kwanza kuona kazi hii anacheka kidogo, anasema ni kama mwalimu anayesoma majina ya darasa. Hakosei. Lakini mwalimu anasoma majina kusudi ajue nani hayuko, na hapo ndipo tutafika.

Kwa nini vituo vyote visiseme pamoja? Sababu hewa ya foni ni moja. Sisi wote 15 pamoja na kituo cha mwitaji tunatumia masafa mamoja, na mashini hizi zinasema au zinasikia, haziwezi mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kifungo masikio yako yanazibwa. Watu wawili wakibonyeza pamoja, hakuna kati yao anayejua kwamba mwenzake anasema. Ni wale wengine wanaosikia mlio kama wa nyuki. Tena mwenye batri nzuri na antena ndefu anamfunika mwenye batri mbovu. Mbaya zaidi, milima yetu inaziba. Kituo kilicho nyuma ya mlima huenda kisimsikie jirani yake wa saa tatu kwa miguu, na kumbe sisi tunawasikia wote wawili. Basi hata mtu mwenye adabu, anayesikiliza kwanza mbele ya kusema, atafikiri njia iko wazi, kumbe jirani yuko katikati ya habari yake.

Shida hii haikuanza na foni. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu na Yalemba kwenye mto Kongo, aliandika kitabu juu ya ngoma zinazosema, kikatoka mwaka 1949. Aliwasikiliza sana Walokele. Ngoma ya mti ikipigwa, vijiji vingi vinasikia, hata watu wasiohusika. Basi mpigaji alianza na mlio wa kuamsha masikio, kisha jina la ngoma la yule anayeitwa, ndipo neno lenyewe. Wote wanasikia, mmoja anajua kwamba ni yeye. Baba Fonisti anapotaja "kituo saba" mara mbili mbele ya kuuliza anafanya kazi ileile.

Mwalimu wetu wa informatique alitufundisha kwamba mashini nazo zilikutana na jambo hili. Katika miaka ya 1960 na 1970 mabanki na makampuni ya ndege ya Marekani na Ulaya yalikuwa na kompyuta moja kubwa katika mji mmoja, na teminali nyingi katika miji mingine. Kukodi waya wa simu kwa kila teminali kulikuwa ghali mno. Wakavuta waya mmoja, wakafunga juu yake teminali nyingi, kama ndege kwenye tawi moja. Kila teminali ikapewa namba yake. Kompyuta inaita namba ya kwanza: una neno? Ikiwa nalo, inalituma. Ikiwa halina, inajibu kwa alama fupi kwamba halina, na kompyuta inaita ya pili. Mashini za IBM za jina 3270, zilizotoka mwaka 1971, zilifanya hivyo. Sanduku moja la katikati liliweza kusimamia mpaka skrini 32.

Msifikiri ni mambo ya makumbusho. Ile panya ya kompyuta katika chumba chetu, yenye waya wa USB, haisemi hata neno moja mpaka iulizwe. Panya ya kawaida inaulizwa kama mara 125 kila sekunde: umesogea? hapana, umesogea? hapana, umesogea? ndiyo. Na spika ya Bluetooth ambayo kwaya ya vijana inaipenda kupita kiasi iko vilevile: mashini moja ndiyo inayoita, na inaweza kuwa na wenzake saba wanaofanya kazi, kila mmoja akijibu kwa zamu yake. (Wahandisi walizoea kumwita mwitaji "bwana" na wenye kuitwa "watumwa". Wenye Modbus, desturi ya mashini za viwanda iliyoanza mwaka 1979, waliyaacha majina hayo mwaka 2020. Sisi tunasema mwitaji na mwitwaji, na tunaona inatosha.)

Sasa tuwasikilize wale wanaotaka wito uachwe, maana wana hoja, na hoja yao ina baba mkubwa.

Visiwani Hawaii, katika bahari kuu ya Pasifiki, Chuo Kikuu kilikuwa na kompyuta kwenye kisiwa kimoja na watumiaji kwenye visiwa vingine. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake walianza kuviunganisha kwa redio. Walikataa wito. Walisema: mtumiaji anakaa dakika nzima anafikiri, kisha anaandika mstari mmoja, ya nini kumwuliza kila mara? Atume anapotaka. Ujumbe ukigongana na wa mwingine, hatapata jibu la kwamba umefika. Basi angoje kidogo, kila mtu muda wake asioupanga na mwenzake, kisha atume tena. Wakaita kazi yao ALOHA, ndiyo salamu ya kule. Ni akili nzuri sana, na rezo nyingi za leo ni wajukuu wake.

Lakini hesabu yake inasema nini? Ikiwa kila mtu anatuma wakati anaopenda, basi hata mambo yakienda vizuri kabisa, njia inabeba ujumbe mzima kwa sehemu kama 18 tu kati ya 100 za wakati wake. Nyingine zinaliwa na ukimya au na migongano. Baadaye wakaweka kitu kama kengele, kila mtu aanze paka kengele inapolia, na sehemu zikafika karibu 37. Katika Hawaii haikuwa neno baya, sababu watumiaji walikuwa wengi na kila mmoja alisema mara chache. Na mashini haichoki kurudia. Muuguzi anachoka. Akijaribu mara tatu na kufunikwa mara tatu anafunga mashini anarudi kwa wagonjwa wake, na batri imekwisha kuliwa, maana kusema kunakula moto wa batri mara nyingi kuliko kusikiliza.

Hatusemi kwamba wito ni mzuri popote. Tumepiga hesabu wenyewe. Kuita kituo na kupata jibu la "hakuna neno" kunachukua kama sekunde 12. Vituo 14 ni sekunde 168, haifiki dakika tatu. Tungekuwa na vituo 300, tungetumia saa nzima kusikia "hakuna neno". Hapo tungekuwa wajinga kuendelea. Setelaiti zile zinazokaa juu ya ikweta nazo zinatuonya: ziko mbali karibu kilomita 36,000, hata swali na jibu vinachukua kama nusu sekunde njiani. Ukiita mashini 40 zisizo na neno, sekunde 20 zimekwenda bure. Ndiyo maana watu wa setelaiti wanatumia namna nyingine: kituo kinaomba nafasi kwanza, kisha kinapewa muda wake wa kusema. Kwa vituo 14 vya kwetu, ambavyo kila kimoja kina habari ya kawaida ya kutoa, wito ndio unaofaa. Tulipima juma moja kwa saa ya mwalimu wa hesabu. Asubuhi fupi ilikuwa dakika 4. Ile ndefu ilikuwa 31, na hiyo tutaisema.

Lakini hatukuandika kurasa hizi juu ya dakika. Tumeandika juu ya kituo cha 11.

Hatutataja mahali, wala jina la mtu yeyote. Kiko upande wa ziwa, mahali ambapo rezo ya simu haifiki. Katika majira ya mvua yaliyopita kituo cha 11 kiliitwa siku ya Jumatatu, hakikujibu. Baba Fonisti aliita mara tatu, kama desturi, akaendelea na 12. Jumanne, vilevile. Jumatano na Alhamisi, vilevile. Na katika daftari, kwenye mstari wa kituo cha 11, kwa siku zote nne, mmoja wetu aliandika 0.

Aliandika 0 sababu alifikiri: hakusema kitu, basi hakuna kitu. Wala si yeye peke yake. Wa zamu mwenzake aliona, hakusema neno. Sisi wengine tuliofungua daftari Alhamisi tulipita juu ya mstari ule kwa macho.

Ijumaa asubuhi mtumbwi ulifika. Ulileta wagonjwa watatu wa kuhara na kutapika, na mmoja alikuwa amekata roho njiani, karibu na ufuko. Muuguzi alikuwa ametuma barua: batri ilikufa usiku wa Jumapili, serumu zilikwisha Jumanne, na ziwa lilikuwa na mawimbi, mtumbwi haukuweza kuondoka mbele ya Alhamisi usiku. Aliandika tena mstari mmoja ambao tumeusoma mara nyingi. Aliandika kwamba kila asubuhi alitazama ziwa, maana alijua tunamwita na hatumsikii, na kwa hiyo tutakuja.

Kipindupindu hapa Baraka na katika vijiji vya ziwa si ugeni. Kila mtu anajua kwamba mgonjwa akipata maji na serumu mapema, kwa kawaida anapona. Akichelewa, saa chache zinatosha kumwua. Hatujui kama mtumbwi wetu wa Jumanne ungemfikia yule aliyekufa. Tunajua kwamba haukuondoka.

Sasa wanaotaka kuacha wito wanasema: mnaona? Mlikiita siku nne, wito wenu ulisaidia nini?

Tunajibu hivi. Wito ulifanya kazi yake. Siku ya Jumatatu saa moja na dakika chache tulikuwa tumekwisha kupata habari: kituo cha 11 kimeitwa na hakikujibu. Hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote za asubuhi ile. Sisi ndio tuliogeuza habari ile kuwa 0. Kosa lilikuwa katika kalamu yetu, na tumeomba msamaha mahali panapostahili, nao walitupokea.

Katika grupu la WhatsApp hakuna Jumatatu ya namna hiyo. Grupu halimwiti mtu. Kituo cha 11 kikinyamaza, hakuna mstari wake popote, hakuna nafasi tupu ambayo jicho lingeanguka juu yake. Kuna paka ujumbe wa wale wanaosema, nao ni wale wenye rezo, wenye mega, wenye moto wa kuchaji simu. Watu wa mjini watasema sana. Watatuma picha za harusi na salamu za Jumapili, na ukurasa utajaa, na wote tutaona kama habari ziko nyingi. Yule ambaye hayuko hataonekana kwamba hayuko. Mtu akikaa kimya ndani ya grupu, labda ana amani, labda ana shughuli, labda amekufa. Kimya chote kinafanana. Akiitwa kwa jina saa moja ya asubuhi asijibu, kimya hicho hakifanani tena na kingine.

Watu wa afya wanalijua jambo hili kuliko sisi. Muulizeni muuguzi yeyote juu ya ripoti ya juma. Magonjwa yanayoangaliwa, kama kipindupindu, surua, na ule ulemavu wa ghafula wa watoto unaoweza kuwa polio, yameandikwa katika karatasi, na ikiwa hakuna mgonjwa shurti aandike 0. Haruhusiwi kuacha mahali patupu. Mara ya kwanza tulifikiri ni ukali wa bure wa maofisa. Kumbe 0 inasema: nilitazama, nikahesabu, sikuona. Nafasi tupu haisemi kitu chochote. Mwezi wa 8 mwaka 2020, Afrika yetu ilipotangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili (ile inayotokana na virusi vya chanjo vilivyogeuka haijaisha bado), wenye kutoa hati walitaka ushahidi wa miaka kwamba watu walikuwa wanatafuta ugonjwa na hawauoni. Zile sifuri zilizoandikwa kila juma katika vituo vidogo zilikuwa sehemu ya ushahidi.

Basi "hakuna neno" ya kituo cha 7, inayowachosha watu fulani katika kamati, ni sifuri iliyoandikwa na mtu aliye hai. Ile sifuri yetu ya kituo cha 11 iliandikwa na mtu asiyekuwa kule. Zinafanana kwenye karatasi.

Hata hivyo hatusemi wito ubaki kama ulivyo. Tuna malalamiko yetu, na tunayatoa mbele ya wakubwa kwa heshima.

La kwanza ni mpango wa kuanzia. Kila siku tunaanza na kituo cha 1, ambacho kiko karibu, kina gari, na msimamizi wake anapenda kusema. Ile asubuhi ya dakika 31, kituo cha 1 na cha 2 vilikula dakika 17 juu ya mabati na mikutano. Tulipofika 13 na 14 muuguzi wa 14 alikuwa ameondoka kwenda kuzalisha. Vituo vya mwisho ndivyo vya mbali, vyenye batri dhaifu, vyenye njia mbaya. Tungeomba siku moja tuanze juu kwenda chini, siku ya pili chini kwenda juu. Na maneno marefu ya mabati yangoje mpaka wote wamekwisha kuitwa. Hakuna anayekataza watu wawili kubaki hewani nyuma ya wito.

Tena kuwe na dakika moja mbele ya wito, wazi kwa mwenye hatari tu. Mwanamke aliyeshindwa kuzaa hawezi kungoja namba yake. Wengine wanaogopa kwamba kila mtu ataita neno lake hatari. Labda mwanzoni. Lakini wote wanasikia, na mtu akisema hatari juu ya mabati, vituo 14 vitamcheka, wala hatarudia.

Kuna jambo lingine linalotutisha, na hili ni udhaifu wa kweli wa wito: mwitaji mwenyewe. Baba Fonisti akishikwa na malaria, vituo vyote vinakaa kimya vikingoja kuitwa, kama wanafunzi wenye adabu katika darasa lisilo na mwalimu. Imetokea. Mashini za wahandisi zina ugonjwa huohuo. Sanduku la katikati likifa, skrini 32 zinakufa pamoja nalo. Tungeomba kituo kimoja, tuseme cha 2 (kinapenda kusema, basi kipewe kazi), kikae tayari: ikifika saa moja na dakika 10 na mwitaji hajasikika, chenyewe kianze kuita, na wa kwanza kuitwa awe mwitaji.

Na juu ya yule asiyejibu. Aitwe mara tatu mahali pake, aitwe tena mwisho wa wito, maana labda alikuwa anafunga waya. Asipojibu, katika daftari lisiandikwe 0, bali msalaba, kwa wino mwekundu. Misalaba miwili inayofuatana, daftari lipelekwe kwa Mchungaji na kwa muuguzi mkuu siku hiyohiyo, mbele ya chakula cha mchana, na watafute mtu wa kwenda. Tena kituo kisifutwe katika orodha kwa sababu ya kunyamaza. Tumesikia mtu akisema, kituo kisichojibu juma zima kiondolewe kusudi wito uwe mfupi. Sekunde 12! Kiitwe kila siku, hata mwezi mzima, mpaka kijibu au mtu afike kule na kurudi. Wazee wetu waliokaa hapa wakati wa vita vya 1996 na 1998 wanasimulia miezi ya kutosikia kitu kutoka vijiji vingi, na furaha iliyoingia siku sauti moja iliposikika tena. Haingesikika kama hakuna aliyekuwa anaita.

Juu ya simu hatuna ugomvi. Rezo ikifika kila mahali, foni iwekwe sandukuni, sisi wenyewe tutaibeba, maana zile batri ni nzito. Lakini mtu akae saa moja ya asubuhi na orodha ya vituo 14 mkononi, apige simu moja moja, au aandike katika grupu, "Kituo saba?" na kungoja. Foni ni chombo tu, nacho kinaweza kubadilishwa. Mwenye kuita na daftari lake, hao tunaomba wabaki.

Bwana mmoja wa kamati alituambia kwa upole kwamba sisi ni watoto, tunalia juu ya kosa letu na tunataka kulifunika kwa maneno ya elimu ya Hawaii. Tumelifikiri neno lake. Yawezekana kuna kweli ndani yake. Lakini tumekwenda naye mpaka nyumba ya foni, tukamfungulia daftari, tukamwonyesha mstari wa 11 na zile sifuri nne. Hatukuzifuta. Akatuuliza ni nani aliyeandika. Tukamjibu kwamba ni sisi.

Kituo cha 11 kimepata batri nyingine. Jana kilijibu mara ya kwanza kuitwa, wagonjwa wa kuhara 0, surua 0, wanaomba chaki na sabuni. Juma lijalo zamu ni ya darasa la nne. Wino mwekundu tumeununua kwa mchango wetu, uko ndani ya sanduku pamoja na daftari. Tafadhali kifuniko kifungwe vizuri sababu kinavuja.